Futi Saba Kando ya Ndambuki

Kaburi la Ndambuki liko kwenye kona ya nyuma ya ploti yetu, na mtu akija kutafuta nyumba ya kupanga huonyeshwa kaburi kwanza, choo baadaye. Mwenye ploti anataka iwe hivyo. "Ukiogopa, ogopa leo," huwaambia. "Usije kunigongea mlango mwezi wa pili useme umeota." Wengine hugeuka hapo hapo wakarudi stejini. Mimi nilikuwa na mtoto wa wiki tano mgongoni na mvua ilikuwa imeanza. Niliangalia kaburi, nikaangalia paa kama linavuja, nikaingiza vyombo.

Mwenye ploti anaitwa Kavata, na Ndambuki alikuwa mume wake. Siku ile ya kwanza nilimwita cucu, vile sisi Wakikuyu humwita nyanya. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Cucu ni wa huko kwenu. Mimi ni Mkamba, mimi ni susu."

"Mtoto wangu bado hajui kusema hata moja."

"Basi tutaona atachagua gani."

Waceke wangu sasa ana mwaka na nusu na humwita tutu. Kila mmoja wetu anadai ameshinda.

Hapa ni Kimbo, upande wa Ruiru, mahali ambapo zamani, kwa maneno ya Kavata, fisi alikuwa jirani na sasa ghorofa ndiyo jirani. Yeye alizaliwa Yatta, mashariki ya Thika. Alikuja huku akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, kwa shamba la kahawa. Yeye alichuma, mumewe alikuwa mtu wa pampu ya maji. Walijiunga na kampuni ya kununua mashamba, na mwaka wa 1986 ploti zikagawanywa kwa kura. Karatasi zilikunjwa zikatiwa ndani ya kofia, na Ndambuki akatoa hii. Walihamia na kitanda, jiko moja na mbuzi. Vyumba sita vya kupanga walivijenga kimoja kimoja, vikifuatana kando ya fensi kutoka getini kwenda nyuma, na Kavata anakumbuka kila kimoja kilitoka wapi. Changu, cha mwisho kabisa, kilitoka kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, aliowapikia mafundi wa barabara miaka miwili.

Ndambuki alikufa mwaka wa 2004, kwa kifua. Kaka zake walikuja kutoka Yatta na lori, tayari kumchukua. Lakini alikuwa ameshasema, na alisema mbele ya mchungaji ili mtu asije kubadilisha: "Yatta nilipewa. Hapa nilinunua. Mnizike kwa yangu." Lori likarudi tupu.

Kimanzi, kijana wao, ni fundi wa vigae. Anaishi mtaa wa Kahawa Sukari na mke wake. Mwaka mmoja alipata vigae vya bluu vilivyobaki kwa bafu la mtu, akaja akavipiga juu ya kaburi la baba yake kutwa nzima, akaweka na jiwe la kichwani lenye jina na miaka. Majirani walisema Ndambuki amejengewa bafu. Kimanzi alimwuliza mama yake kama aandike jina lake pia, aache tu mwaka wa mwisho wazi, kwa kuwa sasa watu wengi hufanya hivyo.

"Uniandike na bado napika?" Kavata akamwambia. "Andika baba yako uende."

Lakini mahali pake palijulikana. Kati ya chumba changu na kaburi kuna udongo mtupu, upana wa futi saba, upande wa kushoto wa Ndambuki, vile walivyokuwa wakilala kitandani. Kavata hakuruhusu mtu aweke gunia la makaa hapo wala kuanika nguo. Mama mmoja aliyepanga chumba cha pili aliwahi kupanda sukuma wiki bila kuuliza. Kavata alinyamaza mpaka zikachumwa mara tatu, na yeye mwenyewe akala. Kisha akamwambia, "Sasa ng'oa. Hapo ni kwangu." Alisema hivyo kama mtu anayeonyesha kiti chake kanisani.

Mwezi wa saba mwaka jana, Kiama alileta sevea, mtu wa kupima mashamba.

Kiama ni jirani wa upande wa pili wa fensi, kijana wa miaka kama thelathini na tano, mwenye duka la vifaa vya stima. Baba yake, mzee Chege, alipata ploti yake kwa kofia ile ile, siku ile ile. Sasa mzee amemwachia, na Kiama anataka kujenga ghorofa nne. Kabla ya kuchimba msingi alitaka kuona bikoni, vile vyuma vinavyofukiwa ardhini kuonyesha mpaka. Cha mbele, kwa geti, walikiona bila shida. Cha nyuma kilikuwa hakionekani, kwa hiyo asubuhi nzima vijana wawili walikuwa wakifukua chini ya kariaria.

Kariaria ni ule mti wa maziwa unaopandwa kama fensi, na fensi yetu yote ni ya huo. Kavata alitoka na sufuria mkononi.

"Habari ya asubuhi, susu," Kiama akasema.

"Nzuri. Mmepoteza nini huko?"

"Bikoni, susu. Hatujaiona bado."

"Tafuta tu. Mimi siketi juu yake."

Waliipata saa tano. Haikuwa chini ya kariaria. Ilikuwa ndani ya ploti yetu, chini ya mchanga, karibu na tangi la maji. Sevea akainama. Alifunga kamba kwenye chuma hicho, akamtuma kijana mmoja aende nayo mpaka kile cha getini, akaivuta ikanyooka. Nilikuwa mlangoni namlisha mtoto uji, nikaona mahali kamba ilipopita. Mbele ilifuatana na fensi vizuri. Kadiri ilivyokuja nyuma, fensi ilizidi kuiacha. Vyumba vyote sita vilibaki upande wetu, changu kwa kuponea chupuchupu. Kisha kamba ikapita katikati kabisa, kati ya ule udongo mtupu na vigae vya bluu. Mahali pa Kavata palikuwa pake. Ndambuki alikuwa kwa Chege, mzima mzima, kichwa na miguu.

Kavata aliweka sufuria chini.

"Hiyo kamba imelegea," akasema.

"Haijalegea, mama," sevea akajibu kwa heshima. "Fensi ndiyo imetembea."

Na ni kweli, kariaria hutembea. Ukikata upande wako kila mwaka, na jirani asikate wake, mti hukimbilia kwa jirani, matawi yanaanguka huko yanashika mizizi, na baada ya miaka kumi na minane unakata kitu ambacho hakikuwa hapo. Ndambuki alikuwa mtu wa panga. Kila Desemba alinyoosha upande wake mpaka ukawa kama ukuta. Chege hakuwa mtu wa panga.

Mzee Chege mwenyewe aliletwa akisaidiwa na mkongojo, maana alisikia kelele na akakataa kubaki ndani. Amepita miaka themanini na masikio yake si mazuri.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu amekufa, baba. Ni huyu wa zamani. Ndambuki."

"Ndambuki? Si huyu nilimchimbia mimi!"

"Tunajua, baba. Ameonekana ako kwa ploti yetu."

Mzee akaangalia kamba, akaangalia kaburi, akacheka kidogo bila meno. Alisema walikuwa wanaume sita wa jirani, siku moja kabla ya mazishi. Vijana walikuwa wameanza kuchimba katikati, pale penye udongo mtupu. Yeye akawasimamisha. "Nikawaambia, hapana, msogeze huyu mzee mpaka kwa kariaria kabisa, tumwachie Kavata nafasi. Kavata atakuja kutaka nafasi." Akamgeukia Kavata. "Au sikusema?"

"Ulisema," Kavata akajibu. "Na nikakushukuru."

"Basi nimechimbia mtu kwa shamba yangu na nikashukuriwa!" Mzee alifurahi. Hakuna mwingine aliyecheka.

Kiama si mtu mbaya. Alikuja jioni hiyo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwa Kavata, akaongea polepole. Ploti yenyewe ni ndogo. Ramani imeshapitishwa, na ngazi ya ghorofa imechorwa kwenye kona ile ile.

"Ama nimwache hapo, susu. Ngazi ipite juu, yeye akae chini, nimwekee grili."

"Watu wa ghorofa nne wamkanyage wakienda kazini, wamkanyage wakirudi?"

"Hata mimi sipendi."

"Basi?"

"Basi ahamishwe. Lakini si mimi wa kumgusa. Mamangu alikuwa akisema mtu akishika mifupa ya mwenzake anabeba thahu, anatembea na uchafu ambao sabuni haitoi. Mimi nimeokoka, sisemi naamini." Akakuna kichwa. "Lakini si mimi wa kujaribu, susu."

Alisema mafundi wangeingia mwanzo wa mwezi wa tisa. Kisha akaaga.

Kimanzi alifika Jumapili baada ya kanisa, na yeye aliona jambo rahisi. Siku hizi watu huhamishwa. Unaenda kotini unapata karatasi, mtu wa afya anakuja kusimamia, mchungaji anaomba, mnaenda. Yatta kuna nafasi, ndugu wote wako huko. Na mama akifika siku yake, naye alale huko huko kando yake.

"Utakuwa umemaliza maneno yote, mama. Nyinyi wawili pamoja."

Kavata alikuwa akichambua maharagwe. Mimi nilikuwa nafua karibu, na hawakunificha kitu, kwa sababu kwenye ploti kama yetu ukitaka kuficha maneno ni lazima uende Thika.

"Na akiniuliza?"

"Nani?"

"Baba yako. Alikataa lori akiwa maiti. Akiniuliza kwa nini nimengoja anyamaze ndiyo nimrudishe kwa kaka zake, nimwambie ni fensi?"

"Mama, hayuko kwake hata saa hii. Ako kwa Chege."

"Anajua hivyo?"

Kimanzi akainuka. Akaenda kuangalia vigae, akapata kimoja kimeachia, akakibandika, akarudi Kahawa Sukari.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kavata aliendelea kupika, kuosha vigae kila Jumamosi, kugombana na wapangaji juu ya maji. Nilichogundua ni kwamba alikuwa anasimama. Alikuwa akibeba kitu kutoka hapa kwenda pale, halafu anasimama katikati ya uwanja, kisha anaendelea.

Alhamisi moja, kama saa nane mchana, nilitoka na beseni nikamwona amelala chini, pale penye udongo wake. Alikuwa amelala chali, leso imemfunika miguu, mikono kifuani. Nilidhani ameanguka. Nikatupa beseni nikakimbia.

"Susu! Susu, umefanya nini?"

"Usipige kelele, mtoto wako amelala," akasema bila kufumbua macho. "Napima."

"Unapima nini?"

"Mimi nafika hapa." Akapiga udongo kwa kisigino. "Kutoka hapa mpaka kwa ukuta wako kunabaki kama hatua moja. Sasa niambie wewe uliyekaa nyumba za ghorofa. Ngazi inataka upana gani?"

Sikuelewa upesi. Nilimwambia ile ya ghorofa tuliyokaa Thika ilikuwa watu wawili wanapishana kwa shida.

"Hapa wangepishana?"

Nikaangalia. "Wangepishana, susu."

Akanyoosha mkono nimwinue. Akakung'uta rinda, akasema nimwitie Kiama nikipita dukani kununua maziwa.

Kiama alikuja, Kavata akamwonyesha kwa kidole, bila kumkaribisha kukaa. Kona yenye kaburi ibaki ya Ndambuki, iandikwe hivyo kwa karatasi, si kwa mdomo. Badala yake Kiama achukue ule udongo mtupu, ambao umepakana na ploti yake na una ukubwa ule ule. Ngazi ihamie hapo. Mahali pengine kando ya mpaka hakuna, ni vyumba vyenye watu ndani. Kwenda kwa kaburi Kavata abakishiwe njia ya mtu mmoja, nyuma ya tangi.

Kiama alitembea pale kwa hatua, mara mbili. Alipiga simu kwa mchoraji wake. Akarudi.

"Inawezekana," akasema. Kisha sauti ikashuka. "Lakini susu, hapa si ndiyo..."

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

"Mimi sina haraka. Yeye ndiye ameshalala, na aliyelala haondolewi kwa sababu ya aliye macho."

"Wacha niongee na mzee kwanza. Sitaki iwe ni kama nimekunyang'anya."

"Mzee wako ndiye aliyenipa hiyo nafasi. Mwambie nimemrudishia. Mwambie na asante."

Walienda kwa ofisi ya ardhi mwezi wa nane, Kavata, Kimanzi, Kiama na sevea. Niliambiwa na Kimanzi. Karani aliuliza kuna nini juu ya kipande ambacho mama anatoa, kama ni nyumba, kisima au miti. Kimanzi alitaka kusema. Mama yake akatangulia, akasema hakuna kitu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, vile alivyofundishwa kwa masomo ya watu wazima kanisani. Kimanzi alitoka nje kabla hajamaliza. Aliniambia alienda kununua maji, lakini macho yake yalikuwa na habari nyingine.

Mafundi waliingia mwanzo wa mwezi wa tisa kama ilivyosemwa. Ukuta wa mawe ulipandishwa, na unapofika nyuma unapinda ukazunguka kaburi. Wageni huuliza ni mchoraji gani alikuwa mlevi. Mwezi wa kumi ngazi ikafika ghorofa ya kwanza. Ukisimama kwenye njia ile ya mtu mmoja unamwona Ndambuki amezungukwa na mawe pande tatu, na kushoto kwake ni saruji.

Hapo ndipo Kavata aliponiuliza mama yangu alizikwa wapi.

Nilimwambia. Mama alikufa mwaka wa 2016 tukiwa wapangaji Thika, hatukuwa na shamba popote, kwa hiyo alizikwa kwa makaburi ya umma. Akasema anataka kupaona. Jumatano tukaenda, yeye, mimi, na Waceke mgongoni.

Makaburi yale ni makubwa na misalaba mingi ya mbao imeanguka. Mimi huhesabu. Unaanza kwenye mti wa mkaratusi wenye alama ya rangi, unahesabu mistari kumi na mmoja, unaingia makaburi saba. Hapo kuna kibati chenye namba. Kavata alisimama pembeni nikipiga hesabu, hakunikatiza. Tulipofika aliinama kwa shida akang'oa majani mawili matatu, akasema, "Habari yako, mama. Mtoto wako hulipa nyumba tarehe mbili. Si wote." Nilicheka, nikajifuta macho na pembe ya leso ya mtoto.

Mlinzi alikuja kuona tunataka nini. Kavata akamwuliza maswali kama mtu anayetafuta nyumba. Maji hukaa hapa mvua ikinyesha? Nani hufyeka? Mtu akiingia anaandikwaje?

"Anapewa namba, mama. Jina linabaki kwa kitabu, ofisini."

"Na kitabu kikiliwa na panya?"

"Namba itabaki."

Kavata akageuka. Kisha akaongea nami, si na mlinzi. "Kwa kahawa nilikuwa mia mbili na tatu. Miaka kumi na moja. Karani alikuwa anaita mia mbili na tatu, naenda na debe langu. Hata nilipojifungua Kimanzi waliandika mia mbili na tatu hayuko. Nilitoka kwa hiyo namba siku ya kofia." Akaangalia mistari yote mpaka mwisho. "Usinishike vibaya. Mama yako ako sawa, ana mtu wa kumhesabia mistari. Kimanzi wangu ni wa vigae, hesabu hana."

Akatoa simu yake kifuani, akanipa nimtafutie jina la Kimanzi, kwa kuwa miwani alikuwa ameacha nyumbani. Akaiweka sikioni akiwa amesimama pale pale kati ya misalaba, akaongea kwa nguvu kama wanavyoongea watu wa umri wake.

"Kimanzi? Yatta... Hapana. Hapana, sikiliza. Si baba yako, baba yako asiguswe. Ni mimi... Ndiyo, nimesema mimi. Uwaambie ami zako watenge mahali... Najua nilikataa, sasa nimekubali... Kando ya nani? Ya susu yako?" Akasikiliza. Huyo ndiye mama mkwe wake, ambaye Kavata alishawahi kuniambia alimfundisha kupika ugali kwa kuumwaga wa kwanza na wa pili. "Sawa. Lakini waache nafasi ya mtu mmoja katikati. Tutaanza kugombana tena pale tulipoachia, na sitaki awe ananisikia vizuri."

Alinirudishia simu niikate. Akamwuliza mlinzi mfereji wa kunawa mikono uko upande gani.